Ruhusa ya Siku Tatu

Ofisi ya Kumbukumbu, Kambini
4 Februari

Mume wangu mpendwa,

Hiyo salamu ya juu usimwonyeshe Bibi, ana wivu tangu nikiwa na miaka minne. Mwambie tu mke mwenzake amefika salama, anakula, na buti zimeacha kumchubua. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu husikii kitu, masikio yako yaliliwa na injini za malori, na kupiga kelele kambini nimekatazwa.

Sasa nisikilize vizuri. Kikosi chetu cha Usafirishaji, hiki hiki ulichokitumikia miaka ishirini na miwili, kinatimiza miaka hamsini mwezi wa Mei. Kamanda anataka vitu viwili: kitabu cha historia, na ukuta wa mawe mbele ya karakana, uchongwe majina ya wote waliokitumikia kikosi kwa heshima. Kazi ya kukusanya majina na kuandika kitabu amepewa nani? Karani mdogo kuliko wote, mwenye meza inayocheza mguu mmoja. Mimi.

Wameniweka chumba cha nyuma ya stoo ya matairi. Mafaili yananuka mpira na mkojo wa panya. Lakini jana nimefungua la miaka arobaini na sita iliyopita, nikakuta jina lako limepigwa taipu: dereva wa lori namba saba, msafara wa majeruhi, aliyevusha watu kumi na tisa kwenye daraja lililokatika nusu. Nilisimama peke yangu nikapiga saluti.

Sura ya tatu ya kitabu itakuwa yako. Nataka kila kitu: mlianza saa ngapi, ulisikia nini ulipokanyaga ubao wa kwanza, uliwaambia nini wale waliolala nyuma. Humu kuna barua ya nesi aliyewapokea, anamshukuru dereva "aliyeendesha kwa upole hata majeruhi wawili wakasinzia". Nimecheka mpaka fundi wa matairi akaja kuchungulia. Babu, wewe? Wewe ambaye Bibi akipanda gari lako hufumba macho tangu getini?

Siku ya sherehe utakaa mstari wa mbele na nishani kifuani, nimeshamwambia Kamanda. Nijibu upesi, maana fundi wa mawe anaanza kuchonga mwishoni mwa Aprili.

Mkeo mdogo,
Karani


Nyumbani
11 Februari

Mke wangu mdogo,

Bibi yako ameifungua barua kabla yangu, kwa hiyo siri zetu zimekwisha. Anasema kama nimeoa askari, basi askari huyo aje afue soksi zangu.

Nimefurahi kusikia kikosi bado kipo na karakana bado imesimama. Kuhusu ule msafara, mambo ni ya zamani na kichwa changu siku hizi kinavuja. Daraja lilikuwa bovu, malori yakavuka, majeruhi wakafika. Andika hivyo, inatosha. Kama unataka kitabu kinenepe, andika jinsi madereva tulivyolala chini ya malori miezi miwili kwa sababu mpishi alikuwa anakoroma hema zima linatikisika. Andika habari za ofisa aliyetupanga safu dakika arobaini akitueleza umuhimu wa kuwahi, na alipomaliza ikaonekana malori hayana tone la mafuta. Hayo ndiyo watu watasoma.

Mstari wa mbele sitaki. Mgongo wangu haupatani na viti vya chuma.

Nina swali moja. Katika orodha yako yupo dereva tuliyemwita Taratibu? Mrefu, anatumia mkono wa kushoto, lori namba tisa. Nataka kujua tu kama jina lake lipo.

Mumeo,
Kimbunga (mstaafu)


Kambini
19 Februari

Mume wangu,

Hodari wa kukwepa wewe. Nimekuuliza daraja, umenipa mpishi anayekoroma. Ya mpishi nimeyaandika, ila daraja silisahau.

Nimemtafuta huyo Taratibu wako. Hayupo, na hatakuwepo. Kamati imepitisha kwamba aliyewahi kufungwa mahabusu kwa kosa haingii ukutani. Yeye alipewa ruhusa ya siku tatu akarudi siku ya nne, na alipoulizwa sababu akasema hana. Akala siku kumi na nne ndani na kuvuliwa ukoplo. Unajua alikuwa ruhusa lini? Siku zile zile za msafara wako. Wenzake wanavusha majeruhi, yeye hata kurudi kwa wakati kumemshinda. Nisamehe kama alikuwa rafiki yako, lakini mzembe ni mzembe.

Babu, mimi nilijiunga na jeshi kwa ajili ya lile daraja. Unajua Mama huwa anawaambia nini wageni? Kwamba baba yake hakuwepo siku alipozaliwa kwa sababu alikuwa anaokoa watoto wa wenzake. Anasema hivyo huku kidevu kimepanda juu. Nami nataka kukiandika hicho kitu vizuri, kisomwe na watu ambao hawajazaliwa. Nisaidie.

Mkeo anayekudai sura nzima,
Karani


Kambini
13 Machi

Babu,

Wiki tatu bila neno. Nimempigia Bibi, anasema huumwi, ila unakaa uani unatazama ukuta wa jirani na chakula unakirudisha. Nimekukosea wapi? Kama ni habari ya kiti cha mbele, basi kaa popote unapotaka.

Karani


Nyumbani
17 Machi

Mjukuu wangu,

Leo sikuiti mke, kwa sababu haya si ya utani.

Yule si mzembe. Naomba ulifute hilo neno popote ulipoliandika.

Wiki ya ule msafara bibi yako alikuwa karibu kumzaa mama yako, na habari zilizonifikia kambini hazikuwa nzuri. Sikuwa na ruhusa. Nilikuwa nimepangiwa lori namba saba. Mwenye ruhusa alikuwa Taratibu, siku tatu, aliyoingoja miezi minane ili akamwone mama yake. Kwetu madereva kubadilishana zamu kilikuwa kitu cha kawaida. Mmoja ana homa, mwenzake anapanda lori lake na kusaini jina lake, mzigo unafika, ofisi haijui na wala haina haja ya kujua. Karatasi za siku zile hazikuwa na picha. Tulikuwa tunakaza nati za gurudumu, mimi namweleza, spana inaniteleza. Akaniwekea karatasi yake mfukoni, akasema, "Nenda kamwone mwanao. Mama yangu hazai tena." Asubuhi akapanda namba saba, akasaini kwa jina langu. Ofisa aliyeongoza msafara alikuwa wa kuazimwa kutoka kikosi kingine, hakujua sura zetu.

Kwa hiyo lile daraja ni la Taratibu. Nesi wako alisema kweli.

Nilitakiwa kurudi siku ya tatu. Mama yako alizaliwa siku ya pili jioni, mdogo, kimya, hataki kunyonya. Mkunga hakutuahidi chochote. Alisema mtoto apate joto la mwili, na bibi yako alikuwa hawezi hata kuinua mkono. Nikamweka kifuani ndani ya shati la jeshi, nikakaa naye hivyo siku ya tatu yote. Nilijua saa zinakwenda. Nilijua ni jina la nani lililo kwenye ile karatasi. Sikuweza kumweka chini. Siku ya nne asubuhi akanyonya, nikaondoka mbio.

Getini mlinzi aliandika jina alilolisoma. Msafara nao ulikuwa umerudi saa hiyo hiyo, na kabla sijajua la kusema Taratibu alikuwa ameshajipeleka kwa kamanda. Akasimama pale akasema amechelewa, hana sababu. Angetoa sababu, sote wawili tungefukuzwa jeshini, na mimi nina kichanga.

Miezi mitatu baadaye ikaja nishani yenye jina langu, na cheo, na nyumba ya familia. Nikatoa mguu mmoja mbele nikaipokea. Nilijiambia nitasema wiki ijayo. Tangu alipotoka mahabusu nilikuwa namkwepa, nikimwona karakana, napita njia ya nyuma. Mkataba wake ulipoisha, kabla bibi yako na mtoto hawajahamia kambini, akaondoka bila mimi kumuaga, na mpaka leo sijamwandikia hata mstari. Naona aibu hata kukuandikia wewe.

Bibi yako anajua yote na amenyamaza kwa ajili yangu. Mama yako hajui. Anaamini sikuwepo.

Toa jina langu ukutani uweke lake. Nishani nimeitia ndani ya bahasha hii, na kamba yake.

Babu yako


Kambini
21 Machi

Kwa Babu,

Nimepokea barua na kilichokuwamo. Nishani nimemkabidhi Kamanda, ameifungia kabatini na kunipa risiti. Sura ya tatu nimeichana.

Kamanda hakupiga kelele. Alisoma barua yako mara mbili, akauliza kama umeiandika kwa hiari yako, nikasema ndiyo, akasema basi ni afadhali. Jina lako litabaki ukutani kwa ile miaka mingine yote uliyofanya kazi yako mwenyewe. La Taratibu litaingia kwa sharti moja: kamati haibadilishi rekodi kwa maneno ya mtu mmoja. Yeye naye lazima aandike na kutia sahihi kwamba ndivyo ilivyokuwa. Anwani yake nimeipata kwenye faili la mafao. Nimeshamtumia fomu.

Nina hasira na wewe, Babu, na hasira yenyewe haikai sawa. Kila nikitaka kukuchukia namwona Mama ndani ya lile shati. Na ninajichukia kidogo mimi pia, kwa sababu barua ya nesi niliisoma kwanza kabla ya vyote. Mtu yeyote anayekujua angegundua palepale. Mimi nilicheka nikaendelea kuandika.

Mjukuu wako


Nyuma ya duka la mshonaji
31 Machi

Kwa Karani wa Kikosi,

Barua yako imefika pamoja na fomu. Samahani kwa doa la mafuta hapo pembeni, siku hizi natengeneza vyerehani na meza ninayoandikia ndiyo meza ya kazi.

Umeandika kwamba mimi ndiye niliyeendesha lori namba saba. Umekosea, binti yangu. Mimi nilikuwa ruhusa. Nilichelewa siku moja, nikafungwa, na ilikuwa haki. Lori liliendeshwa na yule ambaye jina lake liko kwenye karatasi ya safari, na kama sasa anasema vingine, basi ni uzee, mwache apumzike. Fomu nairudisha bila sahihi.

Ukuta ni jambo zuri. Angalieni msimsahau fundi wa breki wa miaka ile, mfupi, mwenye kigugumizi. Bila yeye hakuna lori ambalo lingesimama ukingoni mwa lile daraja. Ubao wa kwanza ulikuwa umelegea upande wa kulia, gurudumu lilitakiwa lipite kushoto kabisa, na giza lile dereva alilazimika kutoa kichwa nje ya dirisha apime kwa jicho. Wale waliolala nyuma ilibidi uwaimbie, maana mtu anayekusikia unaimba hadhani kwamba unaogopa. Sijui kwa nini nimekuandikia haya. Nadhani nilisimuliwa.

Msalimie babu yako.

Fundi Taratibu


Kambini
4 Aprili

Babu,

Nakutumia nakala ya barua ya mzee huyu. Isome ukiwa umekaa.

Anasema hakuwepo, halafu ananieleza ubao wa kwanza. Kulegea kwake hakumo katika faili lolote, Babu, wala kuimba hakumo. Bado anakulinda, miaka yote hii. Nilimwonyesha Kamanda, akatabasamu, kisha akasema sahihi ni sahihi, bila hiyo hakuna jina. Fundi wa mawe anaanza Jumatatu ya tarehe 27, na akishamaliza hatarudi kuongeza mtu.

Mimi siwezi kumwandikia tena. Kwake mimi ni ofisi, na ofisi hatakaa aiambie kitu kitakachokuumiza wewe. Barua inayotakiwa ni yako. Na mwambie Mama, tafadhali, kabla hajasoma kitabuni.

Bado sijakusamehe vizuri, ila nimeanza.

Karani wako


Nyumbani
6 Aprili

Ndugu yangu Taratibu,

Nimeandika barua hii mara tano na zote nimezichana. Hii naituma hata kama ni mbaya.

Nisamehe. Nilikula heshima yako na wewe ukala adhabu yangu, na hata asante sikukupa. Sikukaa mbali kwa sababu nilikusahau. Kila mahali nilipopigiwa makofi nilikuwa natazama mlangoni, nikiogopa utaingia, na nikitamani uingie uniondolee mzigo ule mbele ya watu. Hukuingia. Nikazeeka nao.

Ule uongo wako kwa mjukuu wangu nimeusoma, na umenifanya nilie kama mjinga, bibi yake akanifungia mlango wa chumbani ili majirani wasisikie. Usinifunike tena. Nimeshasema kila kitu kwa maandishi, nishani wamechukua, na bado napumua. Kinachobaki ni sahihi yako. Naomba unipe hicho kimoja, ingawa sistahili kukuomba chochote. Natamani kuliona jina lako kwenye jiwe kabla sijafa.

Mwenzako,
Kimbunga


Nyuma ya duka la mshonaji
15 Aprili

Kimbunga,

Mwandiko wako bado ni ule ule, kama kuku aliyekanyaga masizi. Mshonaji wa hapa mbele ndiye aliyenisaidia kuusoma, kwa hiyo sasa habari zako anazo na yeye.

Mjukuu wako alitaka nitie sahihi ya kumshusha babu yake. Mimi sijazoea kazi hiyo. Lakini kwa kuwa unaomba mwenyewe, ni jambo jingine.

Kwanza nikutoe wasiwasi. Mama yangu nilimkuta mwaka uliofuata, mzima, akanigombeza kwa kukonda. Siku kumi na nne za mahabusu nilizimaliza kwa usingizi, hakuna aliyeniamsha kupakia mzigo. Ukoplo uliniuma kidogo, halafu ukaacha. Nishani ile sikuwahi kuiwaza, nilikuwa na shughuli nyingine.

Kilichoniuma nitakuambia, maana tumezeeka na hakuna haja ya kufichana. Mle ndani palikuwa na dirisha dogo upande wa karakana. Nilikaa pale nikikungoja uje uniambie. Siku ya kwanza hukuja. Ya tano hukuja. Nilipotoka nikakuona unapita njia ya nyuma, umeinamisha kichwa, na mimi nikaelewa. Nikasema mtoto amekufa. Hakuna kitu kingine kinachoweza kumfanya Kimbunga anyamaze. Nikaona nisikuulize, nisije nikakutonesha kidonda. Kila tulipokuwa karakana pamoja nilikuwa nakupisha, wewe unanikwepa na mimi nakupisha, na mkataba ulipokwisha nikaondoka kimya nikiamini ndiyo heshima.

Kwa hiyo miaka yote hii nimejua kwamba ruhusa yangu ilikupeleka mazikoni. Sikujuta kukupa. Nilisikitika tu kwamba haikusaidia.

Sasa naona una mjukuu karani, mwenye maneno mengi. Nimefurahi, nimejua baadaye Mungu aliwapa wengine. Lakini yule, Kimbunga. Yule wa ruhusa yangu. Alikuwa wa kike au wa kiume? Alifikisha siku ngapi? Nijibu hilo tu, halafu lete karatasi yoyote unayotaka, nitatia sahihi.

Taratibu


Nyumbani kwa baba
21 Aprili

Baba Mkubwa,

Hunijui. Mimi ni mpima ardhi, nina miaka arobaini na sita, na mwandiko wangu, kama unavyoona, sikuurithi kwa Kimbunga.

Barua yako ilimkuta mezani. Aliisoma, akavua miwani, akaisoma tena bila miwani, jambo ambalo kwake haliwezekani. Kwa siku tatu amejaribu kukujibu. Anaandika "Ndugu yangu", anasimama, anakwenda uani. Jana jioni alinisukumia kalamu akasema, "Jibu wewe. Ameuliza habari zako."

Mimi alinieleza yote wiki mbili zilizopita. Nimekua nikijivunia kwamba baba yangu hakuwepo nilipozaliwa. Niliwaambia walimu, niliwaambia wakwe, nimewaambia hata watu wanaongoja nipime viwanja vyao. Sasa najua alikuwepo. Nilikasirika siku moja nzima, nikavunja sahani mbili wakati naosha vyombo. Siku ya pili nilimwomba anionyeshe alivyonibeba. Akanionyesha, mzee wa miaka sabini, kwa kutumia mto wa kiti. Mama akasema ile siku ya tatu ndiyo iliyoamua kila kitu, mkunga mwenyewe alikiri. Siku hiyo haikuwa ya baba, Baba Mkubwa. Ilikuwa yako, na uliilipia kwa siku kumi na nne.

Jumamosi asubuhi nakuja kukuchukua kwa gari. Binti yangu Karani atakuwa nayo karatasi ya kamati. Baba atakaa nyuma na mama, amesema kiti cha mbele ni chako na hataki mjadala. Utatia sahihi, maana umeahidi, na Jumatatu fundi wa mawe atapata jina lako. Lakini hata kama kusingekuwa na ukuta wowote ningekuja.

Ningeweza kungoja hiyo Jumamosi nigonge mlango wako, uone mwenyewe. Nimeona umeshangoja vya kutosha, kwa hiyo nakujibu leo.

Alikuwa wa kike. Aliishi.

Ndimi,
Mtoto wa ruhusa yako